Bi Ghalia Anaondoka na Miguu Yake

Ijumaa, tarehe 30 Machi 2007, Bi Ghalia Abdulwakil atakunja shuka lake la mwisho katika chumba cha mashuka cha hospitali yetu, baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi. Alianza mwaka 1985, akiwa na koti la kuazima na viatu vya kisigino, na siku hiyohiyo akamwonyesha msimamizi kwamba shuka la kitanda kikubwa linaweza kukunjwa na mtu mmoja. Tangu hapo wengi tumejaribu. Hatuwezi.

Alizaliwa Wete, Pemba, akafika London kwa safari ndefu ambayo yeye huisimulia kwa ufupi: "Nikaja, nikaona baridi, nikakaa."

Mambo ya miguu yalianza kwenye mandari. Julai 1994 chumba chetu kilikwenda Richmond, kwenye ile bustani kubwa wanamofugwa paa. Adhuhuri ilipoingia, Bi Ghalia alivua viatu na soksi, akatawadha kwa maji ya chupa, akaenda kuswali nyuma ya majani marefu ili apate faragha. Alirudi na kupe kwenye shavu la mguu. Akamng'oa kwa vidole na kumtazama kwa huruma. "Kupe ni wa ng'ombe," alisema. "Huyu kapotea njia."

Wiki mbili baadaye, mahali pale pakatokea duara jekundu. Hansa wa meza ya pasi, aliyekulia Kisumu na aliyeona maduara mengi utotoni, alilikagua bila kuvaa miwani. "Choa," alisema. Akaleta dawa ya choa kutoka Tooting, na Bi Ghalia akaipaka kwa wiki tano. Duara likapanuka, likafifia, likapotea. Hansa alijihesabia ushindi, na kwa miaka kadhaa watu walimletea vipele kutoka ghorofa zote. Hansa, kama unasoma hapa, utusamehe. Hatukupata moyo wa kukwambia.

Mwaka 1996 nyayo zilianza kuwaka. Baada ya hapo vidole vikawa kama vinachomwa sindano, halafu miguu ikafa ganzi, kisha ikawaka tena. Bi Ghalia, aliyekunja maelfu ya mashuka kila wiki, hakuweza kuvumilia shuka moja liguse miguu yake kitandani. Mume wangu, Solomon, aliyekuwa akiendesha gari letu la nguo, alimtengenezea kasha kutoka boksi la machungwa, la kuingiza miguu ili shuka lipite juu kwa mbali. Bi Ghalia aliniambia sasa analala kama mkate ndani ya oveni, na kwamba kasha bado linanukia machungwa.

Hospitali ilimpokea kwa kila njia. Aliambiwa abadilishe soksi. Aliambiwa apumzishe mawazo. Alibadilisha soksi. Mwaka 1999 daktari mmoja alimuuliza kama amewahi kuumwa na kupe, na ndipo mandari na lile duara vikakumbukwa. Daktari huyo aliandika kwamba ni ugonjwa wa Lyme, unaoambukizwa na kupe, uliokuwa sugu, umegusa mishipa ya fahamu. Wa pili aliandika kwamba Lyme sugu haipo. Wa tatu aliandika kwamba wa kwanza na wa pili wakutane. Bi Ghalia alimeza antibiotiki kwa wiki nyingi, akapata nafuu kidogo, kisha nafuu ikarudi ilikotoka. Miguu haikusoma barua hata moja.

Kwa kuwa tulimuuliza hali kila asubuhi, naye akachoka kujibu, Solomon alitundika ubao mdogo mlangoni. Maneno yalikuwa matatu: SIAFU kwa siku za sindano, MAKAA kwa siku za moto, GOGO kwa siku za ganzi. Siku isiyo na maumivu ubao uliachwa mtupu. Msimamizi mmoja mgeni aliyanakili maneno hayo kwenye ripoti yake kwa mwezi mzima, akidhani ni joto la mashine, na ripoti ikasifiwa kwa ukamilifu wake.

Kisha ukaja mwaka 2001, na sheria ya buti. Meneja wetu wa wakati huo, Bwana Pritchard, alitangaza kwamba kila anayesimama kwenye sakafu ya chumba cha mashuka lazima avae buti zenye chuma mbele. Bi Ghalia alikuwa akivaa ndara za sponji. Alipewa wiki mbili: avae buti, au astaafishwe kwa sababu za afya. Yeye alikuwa amekwisha kusema, mbele yetu sote, kwamba ataondoka siku atakayoichagua mwenyewe. Alizijaribu buti mara moja. Hakulia, ila alishika meza muda mrefu sana.

Solomon aliisoma sheria mara mbili wakati wa chai. "Inasema anayesimama," alisema. "Basi Dada Ghalia asisimame."

Alichukua kitoroli cha zamani cha mashuka, akakata ubavu mmoja, akaweka kiti na mto. Bi Ghalia akawa anakunja akiwa ameketi, nasi tunamsukuma kutoka meza hadi meza. Bwana Pritchard alikuja na futi, akapima, akasoma sheria, akapima tena. Hakupata kosa, isipokuwa kwamba kila chenye magurudumu lazima kipewe namba na kikaguliwe. Ndivyo ulivyopatikana Usafiri Namba 14. Kila Januari mkaguzi aliandika: breki nzuri, magurudumu mazuri, abiria mmoja. Kwa kuwa kibandiko kilisema mzigo usizidi kilo themanini, siku ya ukaguzi Bi Ghalia hakugusa sambusa. Na kwa kuwa bado alikuwa mfanyakazi, aliletewa buti mpya kila mwaka. Jozi sita ziko kabatini, safi kabisa.

Februari 2005 Solomon alifariki. Nilidhani Bi Ghalia angekuja kuzikani kwa kiti cha magurudumu. Alikuja amevaa viatu vyeusi vilivyofungwa kamba, akatembea nami kutoka langoni hadi kaburini, akasimama mpaka udongo wa mwisho. Nilimuuliza kwa sauti ndogo: makaa au siafu? "Leo miguu sijaiuliza," alisema.

Mwezi uliopita aliingia ofisini akiwa juu ya Namba 14, akataja tarehe aliyoichagua. Hakuna aliyemchagulia. Ameomba Ijumaa tusimsukume: kutoka meza ya kukunjia hadi mlangoni ni hatua kumi na tisa, naye atazitembea kwa ndara zake. Bwana Pritchard alistaafu kabla yake, kwa hiyo hakuna atakayepima.

Tulipomuuliza zawadi, aliutaka ubao. Kwenye kona yake bado lipo SIAFU la mwisho lililoandikwa na Solomon. Kwa miaka miwili Bi Ghalia hakuruhusu lifutwe, na sisi tumekuwa tukiandika chini yake. Nitaufuta wote kabla ya kuufunga kwenye karatasi, isipokuwa kona hiyo.

Bi Ghalia, asante kwa mashuka yote, na kwa kutembea siku ile. Chumba kizima kinakuombea ubao mtupu, asubuhi baada ya asubuhi.

Winifrida, zamu ya asubuhi