Bruda Hamira na Kikanisa Kilichojaa Unga

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo kipindi chetu cha tanzia kinamkumbuka mwokaji mikate. Watawa wenzake walimwita Bruda Hamira, na jina likamganda. Ametutoka Jumanne, akiwa na miaka themanini na mmoja. Arobaini na sita kati ya hiyo aliimaliza mbele ya tanuri, katika kiwanda kidogo cha mikate cha shirika lake.

Alikuwa mfupi, mnene, mwenye mikono mizito na ulimi mwepesi. Mdogo wake wa kike anasema: "Kaka yangu alikuwa mkaidi tangu utotoni. Akishaamua jambo, hata mama alinyoosha mikono."

Siku alipouvunja ukaidi huo, ndipo kiwanda kilipopona.

Ilikuwa hivi. Katika nyumba yao ya kitawa waliishi mabruda sita. Sita tu. Lakini kila mmoja alikuwa na birika lake la umeme chumbani. Chai, kila mtu kivyake. Chakula, kila mtu kivyake. Sala, kila mtu alidhani mwenzake anasali. Kikanisa chao kiligeuka stoo ya unga. Bruda Hamira mwenyewe alikuwa hasemi na Bruda Dereva mwaka wa tatu sasa, kisa utani wa mezani kuhusu tumbo lake.

Kiwandani ndiko usiseme. Wafanyakazi arobaini waligawanyika, waliotoka mlimani huku, waliotoka bondeni kule. Hata salamu ilikatika. Asubuhi moja vijana wawili wakapigana kwa makoleo ya tanuri, na mmoja akaungua mkono. Mkuu wa shirika akaandika barua: mwisho wa mwezi, kiwanda kifungwe.

Mabruda wakakaa kikao. Wote wakawalaumu wafanyakazi. Hawa watu hawapendani. Hawa watu wameharibika. Bruda Hamira alisikiliza huku uso ukimwaka, maana kila neno alilisikia likimsema yeye. Mwishowe akauliza, "Ndugu zangu, mara ya mwisho sisi tulisali pamoja lini?"

Hakuna aliyekumbuka.

"Basi ugomvi ule umetoka humu ndani," akasema. "Tulimwacha Mungu kwanza, kisha tukaachana wenyewe. Wale wametuiga tu."

Akamgeukia Bruda Dereva. "Nisamehe. Miaka mitatu yote, kwa ajili ya tumbo hili!"

Bruda Dereva akalitazama tumbo. "Nami nisamehe, ndugu yangu. Ingawa, kusema kweli, limeongezeka."

Walicheka mpaka machozi yakawatoka. Halafu wote sita wakaenda kutoa magunia kikanisani.

Wafanyakazi wakatoka kushangaa. Msimamizi wa zamu, mama mmoja wa bondeni, akauliza, "Bruda, mnahama?"

"Hatuhami, mama. Tunamtafutia Mungu nafasi. Tulimjazia unga."

Mama akashika pembe ya gunia. Zito! Aliyekuwa karibu naye ni mkanda unga mmoja wa mlimani, ambaye hakuwa amesalimiana naye tangu mwaka uliopita. "Unasubiri nini?" akamfokea. "Shika huko!"

Akashika.

Kesho yake waliosali asubuhi walikuwa tisa. Wiki ya pili, thelathini. Hata wasio wa dini ile walikuja, wakakaa kimya, kisha wote wakanywa chai benchi moja. Mkuu wa shirika alipofika kufunga kiwanda, alipokewa na wimbo, na mikate ya moto. Hakufunga. Nasema tena, wasikilizaji: kiwanda hakikufungwa. Leo kina matanuri mawili na wafanyakazi tisini.

Na yule kijana aliyeungua? Ndiye mwokaji mkuu sasa. "Aliyeniunguza ndiye aliyenisimamia harusi," ametuambia, akipandisha mkono wa shati kuonyesha kovu. "Bruda alikaa katikati yetu, akala keki kuliko bwana harusi."

Kwa mdogo wake, kwa mabruda, kwa wanakiwanda wote, wa mlimani na wa bondeni: poleni sana. Mzee ameondoka akiwa mshindi.

Nasi tuliobaki, tujiulize. Katika nyumba yako, mara ya mwisho mlisali pamoja lini? Nani uliacha kusema naye, na hata kisa umekisahau? Mpigie leo. Usisubiri kulisikia jina lake katika kipindi hiki.