Kabati Lililochungulia: Maisha ya Mzee Ambrose Byarugaba wa Chonyonyo

Mzee tunayemlaza leo katika kibanja chake cha migomba, babu yetu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, hapa hapa Chonyonyo, wilayani Karagwe. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Rwezaura na Mama Joviana, wakulima wa migomba na kahawa. Alibatizwa Ambrose, nyumbani aliitwa Byarugaba. Mama Joviana alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo alichelewa kusema, lakini hakuchelewa kugonga. Akipewa kijiko aligonga kiti, akagonga mlango, akagonga na kichwa cha kaka yake, na kila akigonga alitega sikio.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1968. Hesabu alizipenda, insha zilimpiga chenga. Mwaka uliofuata alijiunga na karakana ya misheni, akajifunza useremala kwa miaka mitatu. Huko ndiko alikofundishwa kwamba ubao uliopasuliwa leo bado una maji ndani yake, na ukiufanyia kazi kabla haujakauka, utapinda mbele ya macho yako.

Alilijua hilo vizuri kabisa. Ila alipendwa na akapenda.

Tarehe 24 Aprili 1976 alifunga ndoa na Anatolia, binti wa Mabira, ambako sasa ni wilaya ya Kyerwa. Alitaka bibi arusi akute kabati la vyombo lililotengenezwa kwa mvule. Mvule mkavu alikosa, akachukua mbichi, mvua ikinyesha na siku ya harusi ikikaribia. Kabati lilipendeza, watu wakalisifu. Mwezi Julai kiangazi kilipokaza, mlango wa kushoto ulipinda, ukawa unafunguka wenyewe taratibu, kwa mlio wa mtu anayeguna.

“Baba Kemigisha, kabati lako linachungulia,” Bibi Anatolia alikuwa akisema miaka yote baada ya binti yao Kemigisha kuzaliwa.

“Nakuja,” naye alijibu, akauacha msumeno, akaenda kuufunga mlango na kuubana kwa kipande cha ganda kavu la mgomba kilichokunjwa. Siku mlango ulipofunguka mara ya kwanza aliahidi: “Nitakutengenezea lingine, la mvule uliokauka sawasawa.” Bibi alicheka, akasema atasubiri.

Kutimiza ahadi hiyo kukawa safari ya maisha. Karakana yake ya kando ya barabara alikuwa ameifungua mwaka 1973, na madawati yake, vitanda vyake na makabati yake yamo katika nyumba nyingi zenu mliokaa hapa. Lakini mbao nzuri ziliadimika. Alizitafuta kwa baiskeli, baadaye kwa bodaboda, kutoka Nyakahanga hadi vilima vya Kyerwa. Hakununua ubao usio na kibali, hata kama ni mzuri kiasi cha kumtoa mtu machozi. Alifika kwenye mti au rundo, akaugonga ubao kwa kifundo cha kidole, akaunusa, wakati mwingine akaulamba. Sisi wajukuu tulipomuuliza anasikia nini, alisema, “Unaniambia ulikotoka.” Nasi tuligonga kila kitu, na hatukusikia chochote.

Plaiwudi aliinunua kwa Bwana Abdulghani, mfanyabiashara wa Kayanga. Siku moja Bibi alifunua sufuria akitegemea maharage, akakuta vipande vya plaiwudi vinatokota.

“Leo tunakula nini, baba?”

“Subiri viive.”

Alikuwa anapima gundi inayoshikanisha tabaka zake. Plaiwudi mbaya ilibanduka kama maganda ya kitunguu. Nzuri ilitoka ilivyoingia. Bwana Abdulghani aliposikia alimtania: “Mzee Byarugaba, hili ni duka la mbao au mgahawa?” Lakini tangu hapo, kabla ya kuagiza mzigo, alituma kipande kimoja Chonyonyo. “Mpelekeeni mzee achemshe,” alisema. Leo yupo nasi hapa.

Mwaka 2019 upepo uliangusha mvule wa zamani katika shamba la Mzee Mutalemwa kule Mabira. Mzee wetu alikwenda akaugonga, kisha akakaa chini kando yake. Mzee Mutalemwa akamwambia kwa heshima ya kwetu, “Ta Byarugaba, kibali tutakipata, mti chukua. Ila usije ukanitia aibu na kabati jingine la kuchungulia. Mti hauna haraka, mwenye haraka ni bwana harusi.” Walicheka mpaka wakashikana mabega.

Hakuwa na ghala. Alizipasua mbao, akaomba majirani wamhifadhie kila mmoja ubao mmoja darini, mbali na jua. Kila kiangazi alipita nyumba kwa nyumba kama mtu anayekagua watoto wa shule ya bweni. Anapanda, anagonga, anashuka. “Bado unalia,” alisema, yaani bado una maji. Mwaka jana alirudi nyumbani akitabasamu, akamwambia Bibi neno moja tu: “Tayari.”

Mwezi Februari mwaka huu 2025 miguu yake ilianza kuvimba, ikabainika kuwa ni moyo. Alilazwa Hospitali ya Nyakahanga, ambako alihudumiwa kwa upendo. Kitandani aligonga kikabati cha pembeni. “Mzee, unampigia nani hodi?” muuguzi akamuuliza. “Nauliza tu kilitoka mti gani, mwanangu.” Siku za mwisho alimwambia binti yake Kemigisha, aliyemrithisha randa na patasi zake: “Mimi mnizike katika jeneza la gravilea, ule mti wa mpakani mwa shamba letu. Mvule ni wa mama yako.” Alifariki Jumanne tarehe 8 Julai, asubuhi.

Habari zilipofika, majirani walikuja na zile mbao za mvule mabegani, mmoja mmoja, wakazilaza uani. Wazee walisema fundi kama huyu hawezi kulala katika gravilea. Bibi akakubali: “Mpeni yeye. Mimi kabati langu nimelizoea.”

“Mama,” Kemigisha akasema, “alisema gravilea. Mvule ni wako.”

Hapo ndani ya nyumba mlango ukaguna, ukafunguka. Bibi akageuka: “Baba Kemigisha, kabati...” Uani kote watu waliangalia chini.

Kisha Bibi alimwambia binti yake: “Basi kabati litengeneze, kama alivyosema. Lakini mlango wa kushoto uweke huu wa zamani.”

“Mama, hautafunga.”

“Najua. Ninataka uchungulie.”

Jeneza hili la gravilea ni kazi ya Kemigisha. Kazi ya kabati itaanza baada ya matanga.

Mzee Byarugaba ameacha mjane, Mama Anatolia; watoto watatu, Kemigisha, Benjamin na Vero; wajukuu kumi na mmoja, na vitukuu wawili ambao nao wameanza kugonga.

Babu, Mungu akupokee na kukupumzisha. Kila kiangazi kabati litakapoguna, tutajua anayeitwa ni nani, na tutakwenda kuufunga mlango kwa niaba yako.