Mzee Kioo na Lugha ya Wafumaji

Treni ilipunguza mwendo asubuhi ya tarehe 4 Juni 1969, na kijana mwenye suti ya kuazima akauona kwa mara ya kwanza mji ambamo leo tunamzika. Vumbi la pamba lilielea hewani, kana kwamba mji mzima bado umo usingizini. Marehemu alikuja kuwa meneja wa kiwanda cha nguo.

Alizaliwa tarehe 11 Novemba 1943, mtoto wa tatu wa mshona viatu. Alisoma shule ya bweni, kisha utawala ng'ambo, akarudi na lugha nne na kikohozi.

Ofisi yake ilikuwa juu, nyuma ya kioo kipana. Chini, mitambo ilinguruma hata sauti ya mtu isisikike, hivyo wafumaji walizungumza kwa mikono. Aliiona mikono ile ikipaa kama ndege. Akitokea mlangoni, ilitulia. Wakamwita Kioo.

Mwaka 1974 alimwoa mmoja wao.

"Mnasema nini kule chini?"

"Tunakusema wewe, baba. Tungesema nini tena?"

Alimwomba amfundishe. "Hiyo ni ya wenzangu," mkewe alijibu. "Meneja akiijua, tutajificha wapi?"

Mwaka 1995 kiwanda hicho, kilichokuwa cha umma, kiliuzwa kwa matajiri, naye akabaki kwenye kiti kilekile. "Serikali iliniita mtumishi wa wafanyakazi, matajiri wananiita mwenzao," alimwambia mkewe. "Chai siitwi kokote." Ndiye aliyechagua wa kupunguzwa kazini, fundi mitambo jirani yake akiwemo. Fundi akaacha kumsalimia. Hilo lilimuuma miaka yote, ingawa hakuwahi kudai kwamba alionewa.

Alistaafu mwaka 2003. Mwaka 2018 saratani ya koo ilichukua sauti yake. Mkewe akaketi mbele yake: "Sasa huna cheo wala sauti. Lete mikono."

Wafumaji wastaafu wakaanza kuja, sebule ikajaa gumzo lisilo na sauti. Fundi alikuja mwisho. Alisimama mlangoni akimtazama mgonjwa akihangaika kusema "karibu" kwa vidole.

"Shemeji," akamwambia mke, "mkono wa huyu una lafudhi ya ofisini."

Akavuta kiti. Walizungumza mpaka jua likahama dirishani, na wote wawili hawakusimulia walichosema.

Alifariki nyumbani tarehe 22 Februari 2020, saa nne asubuhi, wenzake wakimteta waziwazi mbele ya macho yake, naye akielewa kila kitu.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, na fundi. Ameondoka mazungumzo yakiwa katikati; sisi tumebaki kuyaendeleza. Amani na imlaze.