Neno Lililosagwa

Mzee Sowedi, fundi cherehani, alikalia gunia lake la maharage, pikapu ikitoka Juru kwenda Mbarara. Masikio yake, Mungu amsamehe, yalikuwa kwa Kyomuhendo, karani wa kompyuta, na mwanajeshi mmoja aliyepandia Masha.

"Ijumaa nilibadilisha neno la siri," karani alisema. "Mashine iliuliza la zamani kwanza, halafu jipya mara mbili. Sasa nimelisahau, na majina yote ya watu wa kupewa blanketi yako ndani."

Sowedi akashtuka. Jina lake lilikuwa humo, na ya wajukuu wake sita.

"Si iko nalo, mama nyabo? Iambie irudishe," mwanajeshi akasema.

"Haiweki neno, afande. Inalisaga kama mahindi, inabakiza unga tu. Ukileta neno tena, inalisaga, inalinganisha unga. Wewe ulishaona unga ukirudi mahindi?"

"Basi mkubwa wenu aweke lingine."

"Anaweza, hata bila kuulizwa la zamani. Lakini yuko Kampala mpaka mwezi ujao."

"Bila kuulizwa? Kwetu kambini mtu kama huyo tunamfunga!"

"Ni mkubwa, afande."

"Hata mkubwa!"

Walibishana hivyo mpaka mjini. Sowedi aliona wote wawili wana haki, lakini haki yao haifuniki mtoto usiku.

"Binti yangu," akasema, "mikono yangu inakumbuka kanzu ambazo kichwa kimesahau. Vidole vyako viliandika mara mbili. Viulize."

Kyomuhendo akafumba macho, vidole vikaanza kugonga polepole juu ya gunia la maharage.

Pikapu ikasimama. Hakuna aliyeshuka.