Hakuugua kwa Muda Mfupi

Marehemu mdogo wangu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Kipyenga, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1994, mtoto wa pili wa fundi mwashi na muuza vitambaa. Pumu ilimshika akiwa na miaka mitano. Jina hilo alipewa na watoto wenzake. Wakicheza kujificha, yeye ndiye aliyekamatwa kwanza, maana kifua chake kilipiga mluzi nyuma ya pipa la maji. Hakununa. Alisema refa hajifichi.

Alimaliza sekondari mwaka 2012, akajifunza ushonaji, akafungua chumba cha kushonea mapazia karibu na stendi. Alishona amejifunga kitambaa puani kwa sababu ya vumbi, na inhela yake ilikaa kwenye kopo la vifungo. Mteja akimharakisha alimjibu, "Shangazi, pumzi yenyewe naivuta kwa dawa, hizo mbio nizitoe wapi?"

Mwaka 2019 aliolewa na fundi redio, mtu mpole, mpole kupita kiasi. Walikaa miaka mitano wakingoja mtoto. Mimba ilipoingia, mkunga wa kliniki alimwambia mbele yangu: "Mama, dawa usiache. Wewe ukikosa hewa, na mtoto anakosa."

Nyumbani, kila mwenye mdomo akawa daktari. "Mbona sisi tumezaa bila kuvuta vitu?" "Hiyo itamdhuru mtoto, mwanangu." Huyo wa pili ni mama mkwe wake, naye alisema kwa mapenzi, ndiyo maana mdogo wangu alishindwa kumkatalia. Inhela ikafungiwa kabatini, asije akashawishika. Mume akainamia redio zake.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Mchana wa tarehe 3 Februari 2025, kifua kilipombana, nyumba ilijaa watu. Mmoja alimpepea kwa mfuniko wa sufuria, mwingine alichemsha maji ya kumfukiza, waliobaki wakatafuta ufunguo. Ulikuwa mkobani mwa mama mkwe, naye alikuwa sokoni akimnunulia mjukuu nepi. Walimfikisha hospitali ameshakata roho. Mimba ilikuwa ya miezi saba.

Kamati ya mazishi imeniomba niseme "aliugua kwa muda mfupi". Siwezi. Aliugua tangu utotoni na akaishi na ugonjwa wake vizuri. Kilichomuua ni ushauri. Na msiniambie kazi ya Mungu haina makosa. Kosa hili si lake.

Ameacha wazazi, mume, mama mkwe ambaye tangu siku ile hajala, mimi dada yake, na mdogo wetu wa mwisho. Mtoto aliyekuwa akilindwa yumo humo jenezani pamoja naye.

Hili linalofuata halimo kwenye karatasi zenu. Mdogo wetu ana mimba ya miezi minne, na pumu kwetu ni ya ukoo. Jana jikoni nilimsikia mtu akimwambia, "Kwa hali yako hiyo dawa ipunguze kidogo." Jana! Maiti haijazikwa! Mdogo wangu, umelia tangu asubuhi na naona unavyohangaika kupumua. Itoe hiyo inhela, uvute mbele yao wote. Jeneza litasubiri.

Dada yako Mungu ampumzishe kwa amani. Wewe vuta.