Nyumba za Watu Alizirudisha Zilivyokuwa

Marehemu, ambaye ndugu na majirani walimwita Funguo kwa vile mifuko yake haikukosa funguo za nyumba za watu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, katika vyumba viwili vya kupanga nyuma ya karakana ya treni. Alisoma palepale mtaani, akamaliza sekondari mwaka 1976.

Baada ya kuuza viatu miaka sita, aliingia kwenye filamu mwaka 1982 kama meneja wa lokesheni. Yeye ndiye aliyetafuta nyumba za kurekodia, akabembeleza wenyewe, akafuatilia vibali na vyoo vya watu themanini wa kikosi cha filamu. Kabla kamera hazijaingia alipiga picha kila kona, ili hata kijiko kirudi mahali pake. Jina lake lilipotokea mwisho wa filamu, watazamaji walikuwa wameshafika mlangoni. Kazi ile ilichosha, na ilimchosha kweli.

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1984 na mwalimu, wakajaliwa binti na mwana. Mwaka 1997 mwenye nyumba mmoja alighairi asubuhi ya kurekodi. Maji yalipomfika shingoni, marehemu akatoa sebule yake mwenyewe, na mafundi wakaipaka rangi ya kijani. Mganga hajigangi: siku hiyo alisahau kupiga picha. Alama za penseli ambazo mkewe alichora ukutani kila mwaka kupima urefu wa watoto zikafunikwa zote.

"Za watu unarudisha hadi kijiko. Yangu je?"

"Nitairudisha, mama watoto."

Aliahidi hivyo miaka ishirini na sita, akirudi kila jioni yuko hoi.

Januari 2023 mapafu yalimlazimisha kuacha kazi. Akavuta kiti ukutani, akawa anakwangua rangi kwa kisu cha mezani, upana wa kidole kwa siku.

"Pumzika, baba," binti yake alimsihi.

"Nikimaliza."

Zilitokea alama tatu za mwana. Za binti hazikuonekana. Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu wawili na dada mmoja. Jana mjane aliwasimamisha wanawe, watu wazima walioanza kuota mvi, kwenye ukuta ule, akawachorea alama mpya juu ya kijani.

"Basi, baba watoto," alisema. "Imerudi."

Sasa na apumzike kwa amani. Alikuwa amechoka.