Sekunde Sita za Mama Kimya

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, Mama Kimya, fundi sauti wa studio namba mbili, atavua hedifoni zake na kuzitundika kwenye msumari wake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Sisi watoto wa kipindi cha hadithi cha Jumamosi hapa redioni tumeombwa kuandika ukurasa huu kwa sababu, kwa maneno ya mkuu wa vipindi, sisi ndio tuliomsumbua kuliko wote.

Aliajiriwa kama mpokea simu. Wakati wa chakula cha mchana alikuwa akichungulia kwenye kioo cha studio, mpaka fundi mkuu wa enzi hizo akachoka kumwona akamfungulia mlango. Baada ya miaka mitatu alijua kila waya unatoka wapi na unakwenda wapi, hata umeme ukikatika.

Wageni hudhani aliitwa Mama Kimya kwa upole. Nje ya studio hashikiki: akianza kusimulia, chai inapoa na mkate unakauka. Jina lilitokana na kidole chake cha shahada. Taa nyekundu ikiwaka, kidole hupanda, na chumba chenye watoto kumi na wawili hutulia kama maji mtungini. Mume wake anasema hata nyumbani kidole kikipanda, yeye na wajukuu huacha kutafuna.

Studio namba mbili ina zulia mpaka ukutani. Ukikaa humo taa zikiwa zimepunguzwa, unasikia pumzi yako mwenyewe, na baada ya muda huna hakika kama uko macho au unaota. Humo ndimo Mama Kimya alimotufundisha kwamba kimya hupimwa kama chumvi.

Wasikilizaji wanajua kipindi kinavyoanza. Dada Msimulizi husema "Paukwa!" kisha hunyamaza, ili watoto majumbani waitikie "Pakawa!" Zamani kimya hicho kilikuwa cha sekunde tatu. Kisha ikaja barua. Mama mmoja aliandika kwamba mwanawe ana kigugumizi, na kila Jumamosi hufika "Paka" tu, hadithi ikamwacha hapo. Mama Kimya hakumwambia mtu. Jumamosi iliyofuata, kidole chake kikiwa juu nyuma ya kioo, alimzuia msimulizi mpaka zikatimia sekunde sita. Barua nyingine haikuja, na sekunde sita zikabaki. Barua ile ameiweka chini ya kioo cha meza yake hadi leo, wino wake ukiwa umefifia kama ndoto ya alfajiri.

Mwaka huu studio zetu zote tano zimehamia kwenye mfumo mmoja wa mtandao. Zamani kila studio ilikuwa na meza yake ya kuchanganyia sauti na nyaya zake, kama kaya tano zenye visima vitano. Sasa sauti zote zinapita njia moja, na aliye studio yoyote hugusa skrini, kazi ikaenda. Ni mfumo mzuri, tunasema hivyo bila kinyongo. Mama Kimya mwenyewe aliupokea kwa moyo mkunjufu. Alijaza daftari zima la maelezo, akafaulu mtihani wa mafunzo mbele ya vijana wenye umri wa binti yake.

Lakini mfumo huo una mlinzi, si mtu bali programu ya kompyuta. Akisikia kimya kwa sekunde nne, hudhani studio imeharibika, akaweka muziki wa akiba. Jumamosi ya kwanza Dada Msimulizi alisema "Paukwa!" Moja, mbili, tatu, nne, na tarumbeta zikaingia. Simu zikaanza kulia. Bibi mmoja aliuliza: "Jamani, wajukuu zangu wanataka kuitikia, ninyi mnawapigia tarumbeta. Wamekosa nini?"

Kikao kikapendekeza kipindi kisirushwe tena moja kwa moja. Kirekodiwe, na kimya kikatwe. Mama Kimya alikuwa amebakiza wiki tatu kazini, na wengi wangeanza kufungasha vikombe vyao. Yeye aliitoa barua chini ya kioo, akaenda nayo kwa mhandisi wa mfumo.

Mhandisi, ambaye hupenda namba, aliuliza kwa nini sita na si nne. Mama Kimya alimkalisha studio namba mbili, akafunga mlango, akapunguza taa, akasema taratibu: "Paukwa." Tunaambiwa mhandisi alifungua kinywa, akakumbuka kwamba ni mtu mzima, akakifunga, akatazama mlango, ndipo akaitikia. Mama Kimya alikuwa ameshika saa. "Tano na nusu, mwanangu," akamwambia. "Na wewe huna kigugumizi."

Siku iliyofuata skrini zote zilikuwa na kitufe kipya cha kijani kilichoandikwa PAKAWA. Kikiguswa, mlinzi anavuta subira mpaka tumalize. Kipindi chetu kimebaki hewani moja kwa moja. Kwa kuwa mfumo ni wa wote, kitufe kimetokea hata mbele ya msomaji wa habari, ambaye amelalamika kwamba tangu aanze kazi hakuna aliyewahi kuitikia taarifa ya habari. Mhandisi amemwambia akiache hapo hapo, huenda siku moja wakaitikia.

Tulipokuwa tukiandika ukurasa huu tuligundua jambo. Kwa miaka yote hii Mama Kimya hajawahi kuitikia. Taa ikiwa nyekundu, fundi sauti hathubutu hata kukohoa. Amewangoja watoto wa watu wengine Jumamosi baada ya Jumamosi, na neno lake mwenyewe limebaki mdomoni.

Mama Kimya, asante kwa kutusubiri. Tunakutakia maisha mema, yenye maneno mengi na chai iliyopoa. Kesho yake baada ya kuagana, Jumamosi saa nne asubuhi, utakuwa nyumbani, mahali pasipo na taa nyekundu. Keti karibu na redio. Tutasema "Paukwa!" kisha tutanyamaza, na kidole kitakachopanda kitakuwa chetu. Usiharakishe. Sekunde zote sita ni zako.